Siku Saba Nyuma ya Matete

Siku ya kwanza kumwona Mama Léontine, alikuwa amebeba kitanda kichwani. Kilikuwa kitanda cha chuma, cha mtu mmoja, na miguu yake minne ilielekea juu kama ya mbuzi aliyelazwa chali. Nyuma yake alikuja binti yake Emmanuella, mtoto wa miaka kumi na mitatu hivi, amekumbatia saa ya ukutani. Ilikuwa saa kubwa ya shirika la reli, na mishale yake ilikuwa imesimama. Baadaye nilisikia kwamba marehemu baba wa mtoto alikuwa mekanisye, fundi wa mitambo ya reli, na saa ile ndiyo kitu pekee alichopewa siku alipoacha kazi.

Mimi nilikuwa barazani kwangu, hapa Kataki, mjini Kalemie, mbele ya mashini yangu ya kushona. Nilitaka kusema karibuni. Nililisema neno hilo moyoni, tena kwa sauti nzuri, lakini mdomoni halikutoka.

Yeye ndiye aliyeanza. "Papa jirani, habari ya kazi?"

Nikainamisha kichwa nikakanyaga mashini. Chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.

"Kazi iko mingi," akamwambia binti yake, na wote wawili wakacheka wakaingia katika nyumba ya pili, ile tuliyotenganishwa nayo na ua wa matete tu.

Ndivyo tulivyoishi miaka saba. Saa kumi na moja alfajiri namsikia anawasha makaa. Saa kumi na mbili harufu ya mikate ya mafuta inapita kwenye matete. Saa moja watoto wa shule wanapanga mstari mbele ya mlango wake, naye anawapa mikate na maneno. "Wewe, umenawa uso upande mmoja tu? Rudi unawe na ule mwingine." Alikuwa mwanamke wa Moba, kule chini ya ziwa, Mtabwa kwa kabila, mfupi, mwenye mikono yenye alama za mafuta ya moto, na alipocheka alijipiga paja. Asubuhi alinipa mikate minne kwenye sahani juu ya ua, nami nilimrudishia sahani jioni, safi, bila neno. Nguo zake zilizochanika nilizishona akiwa sokoni. Wateja walinitania: "Papa Déo, utaoa mashini?" Nilikuwa na miaka arobaini na tano wakati ule. Mtu akinicheka, natafuta uzi chini ya meza hadi aondoke.

Emmanuella alipofika miaka ishirini, akasema anataka utawa. Masista wa shirika moja walikuwa wamepita parokiani, nao huwapeleka wasichana wao kufundishwa Ufilipino, katika mji wa Cebu. Mama Léontine alikuwa na mtoto mmoja tu. Alilia wiki nzima, kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kubaya kuliko kulia.

Asubuhi ya safari niliona yote kupitia matete. Emmanuella alisimama mlangoni na begi lake, akingoja mama yake amwekee mkono kichwani, jinsi mama yeyote anavyofanya mtoto anapokwenda mbali. Mama Léontine hakusimama. Alikuwa anageuza mikate.

"Mama, mimi ninaenda."

"Enda. Mafuta inaungua."

Hayo tu. Binti akaondoka bila baraka. Alipokwisha kupita kona, Mama Léontine akainua karai, akamwaga mafuta yote chini, mazuri na mabaya. Siku ile watoto wa shule hawakula.

*

Kule Cebu wanafunzi wa utawa hawashiki simu. Simu ni moja, na aliyeishika ni sista mzee wa mlangoni, ambaye hajui Kifaransa wala Kiswahili. Anajua Kisebuano, lugha ya kwao. Kila baada ya majuma mawili alituma ujumbe wa sauti kumwambia mama siku na saa ambayo binti yake ataruhusiwa kupiga. Mama Léontine aliusikiliza ujumbe wa kwanza mara ishirini, akaiweka simu sikioni, kisha akaiweka juu ya meza, akaitazama kama mtu anayetazama chungu kinachokataa kuchemka.

Ndipo alipoingia Papa Achille.

Sikuwahi kumpenda, nasema wazi. Alikuwa mrefu, viatu vyake vilikuwa safi hata wakati wa mvua, na alikuwa amekaa Cebu miaka minne seminarini kabla ya kurudi nyumbani bila upadri. Sasa alifundisha sekondari. Padre wa parokia ndiye aliyemtuma kwa Mama Léontine, amfasirie ujumbe. Angefasiri akaenda zake. Lakini Mama Léontine akamwambia, nami nikiwa nyuma ya matete na pasi ya makaa mkononi:

"Papa Achille, usinifasirie. Unifundishe. Juzi mutoto alinisalimia kwa ile luga. Alisahau kama ni mimi. Mutoto wangu anaota kwa luga ya watu, na mimi nabakia inje kama mugeni. Nina wivu na ule muji, unasikia? Nina wivu nao kama vile ni muke mwenza."

"Kisebuano ni kirefu, Mama."

"Unipe ile kidogo. Siku na saa. Ili nijue atanipigia siku gani, na nimuulize jana ulifanya nini, kesho utafanya nini. Na siku moja nitamupa ile baraka nilimunyima, kwa luga yake mupya, ili ajue nimekubali."

Pasi yangu ilikuwa imetulia juu ya suruali ya mteja. Nilishtuka kwa harufu.

Papa Achille akaanza kuja siku mbili kila juma, jioni, akitoka shuleni. Alikaa kwenye kigoda katikati ya kiwanja, sahani ya ndakala, dagaa wa ziwani, mapajani, akafundisha.

"Leo ni siku gani, Mama Léontine?"

"Siku ya pili."

"Hiyo ni ya Kalemie. Kule?"

"Mar... Martes."

"Njo hiyo! Na kesho?"

"Miyerkules. Lakini Papa Achille, hawa watu hawahesabu? Sisi tunasema siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, mutu anajua posho iko wapi. Wao kila siku iko na jina kama mutoto."

"Basi uzae watoto saba."

"Na huu umuri? Unitafutie baba yao kwanza!"

Akajipiga paja. Wakacheka wote wawili. Nilikuwa nashona shati jeupe la harusi. Sindano ikanipitia kidoleni, na tone la damu likaanguka kwenye kola. Nikaosha kwa mate. Sikuweza kuosha kile nilichokuwa nacho kifuani.

Lakini masikio hayana mlango. Lunes, Martes, Miyerkules, Huwebes, Biyernes, Sabado, Domingo, kuanzia Jumatatu, ambayo sisi huita siku ya kwanza, hadi Jumapili, siku ya Mungu. Nilijifunza siku zote saba nyuma ya matete, nikaziandika kwa chaki ya kukatia nguo chini ya meza yangu, mahali ambapo hakuna anayeinama isipokuwa mimi ninapotafuta uzi. Kisha nikaandika na vipande vya siku: buntag ni asubuhi, udto ni mchana jua likiwa kichwani, hapon ni alasiri, gabii ni usiku. Gahapon ni jana. Karon ni sasa. Ugma ni kesho. Mimi niliishia darasa la sita, na mwalimu wangu aliwahi kusema kichwa changu ni gunia lililotoboka. Maneno haya hayakutoboka. Nilitaka kuyajua kuliko yeye anavyoyajua, na siku moja Mama Léontine akisahau moja, nilitoe mimi.

Siku moja mteja wangu, Mama Evodie, akaniuliza libaya yake, blauzi ya kitenge, itakuwa tayari lini.

"Huwebes," nikasema.

"Huwe nini?"

"Siku ya ine, Mama."

"Papa Déo, umekunywa saa hii ya asubuhi? Na vile unaonekana mupole!"

Saa za kule Papa Achille alizifundisha kwa ile saa ya reli. Aliishusha ukutani, akaisogeza mishale kwa kidole. Mshale kwenye moja: alas una. Kwenye mbili: alas dos. Kwenye nne: alas kwatro. Mimi nilichungulia kwenye tundu la matete nikaona vizuri. Sisi, mshale ukiwa kwenye nne, tunasoma ng'ambo yake, tunasema saa kumi. Nikaandika chini ya meza: alas kwatro, saa kumi. Nikaona kwamba nimekuwa mtu wa elimu.

Jambo moja sikuliona, kwa sababu halikupita kwenye matete. Ujumbe wa sista ulipofika, Papa Achille alisikiliza, akafanya hesabu kichwani, akasema tu: "Domingo, asubuhi, saa ine." Hesabu yenyewe hakuitamka.

Na kulikuwa na suruali. Aliniletea suruali yake ya kijivu niipunguze. Aliileta mwenyewe, akanisalimia vizuri, akaniambia, "Fundi, Mama Léontine anasema wewe njo wa kwanza hapa Kataki." Nilipobaki peke yangu nilikata mguu mmoja ukazidi kufupika kwa upana wa kidole. Kwa makusudi. Sijawahi kumfanyia mteja hivyo, kabla yake wala baada yake. Aliivaa. Mama Léontine ndiye aliyeona.

"Papa Achille, mbona muguu yako moja imepanda?"

Akaangalia chini. "Labda njo mimi nimepinda, Mama. Fundi yule hawezi kukosea."

Nilikaa na sentensi ile siku nyingi. Mtu unayemchukia akikutetea, unakosa mahali pa kukaa.

*

Mwaka wa pili tangu Emmanuella aondoke, mwezi wa tano, siku ya posho, yaani Jumamosi, Papa Achille alikuwa amechukua boti kwenda Moba. Mchana Mama Léontine akasimama kwenye ua na simu mkononi. Macho yake yalikuwa makubwa.

"Papa Déo, sikia. Leo hakuna Papa Achille na simu yake haipatikani."

Akaufungua ujumbe. Sauti ya yule sista mzee ikatoka, taratibu, kama mtu anayeongea na mtoto: Domingo. Ugma. Alas kwatro sa hapon. Halafu neno moja ambalo sikulijua: katapusan.

"Hilo la mwisho ninalijua," alisema Mama Léontine. "Ni mwisho. Emmanuella alinieleza, wanaingia mwaka wa kunyamaza. Mwaka muzima hakuna simu. Kesho njo ya mwisho. Kesho njo nitamubariki, nimeshapanga maneno yote. Lakini ile saa, Papa Achille alikuwa anaifanya hesabu. Nitajaribu kumupata kesho asubuhi, labda boti itakuwa imefika pahali simu inashika rezo."

Kama ningenyamaza! Miaka yote nilinyamaza, na siku ile moja ambayo kunyamaza kungefaa, nikafungua mdomo.

"Hakuna haja ya Papa Achille," nikasema. "Ninajua. Ni saa kumi."

Akanitazama kama aliyesikia mashini inaongea. "Wewe unajua Kisebuano?"

"Kidogo. Siku na saa."

"Umejulia wapi?"

Nikaonyesha matete kwa kidevu. Akaanza kucheka, kisha akaacha.

"Lakini Papa Déo, sikuzote anapiga asubuhi."

"Sa hapon ni alasiri, Mama. Alas kwatro, mushale uko kwenye ine. Saa kumi. Labda juma zile zilikuwa buntag." Zile hazikuwa buntag. Nilikuwa nimesikia neno hapon mara nyingi kabla ya siku ile, na kila mara binti alipiga asubuhi. Kitu kilikuwa hakikai sawa, nami nilijua. Lakini kuuliza kungekuwa kumwuliza Achille, na jambo hilo sikuliweza.

"Aksanti, Papa Déo," akasema. "Kumbe nilikuwa na mwalimu karibu hivi." Akaniwekea mkono juu ya mkono wangu, pale juu ya ua. Mara moja tu, miaka ile yote.

Usinielewe vibaya, ewe unayesoma: nililala na furaha.

Siku ya Mungu asubuhi aliniachia simu yake niichaji kwa paneli yangu ya jua, ili saa kumi ikute imejaa. Akavaa libaya ya bluu niliyomshonea, akaenda misa ya saa tatu. Mimi nilibaki nikipiga pasi.

Saa nne simu ikalia.

Nilijua kabla ya kuishika. Namba ndefu ya nje. Nikatazama saa yangu ya mkononi: mshale mfupi ulikuwa juu ya kumi. Nikaacha ilie, nikidhani labda ni mtu mwingine, kisha nikafungua.

"Mama?"

Nikatazama njia ya kanisani.

"Mama? Mama, njo wewe?"

"Ni Papa Déo."

"Papa Déo! Mama iko wapi?"

"Kwa misa."

"Kwa misa? Sista alimwambia saa! Papa Déo, nina dakika kumi tu, watu wako nyuma yangu. Umupatie simu, nakuomba."

Nikakimbia. Kutoka kwangu hadi kanisani ni kupanda mlima mdogo, na mimi si mtu wa kukimbia. Nilikuwa na singlendi na kandambili, utepe wa kupimia ukinipiga kifuani, sindano mbili bado zimechomekwa begani. Simu nilikuwa nayo sikioni. Emmanuella alikuwa anasema, "Uko, Papa Déo? Uko?" nami nikisema niko, niko.

Nilifika. Hili sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Nilifika mlangoni mwa kanisa na simu bado iko hai.

Kanisa lilikuwa limejaa. Padre alikuwa anahubiri na watu wamenyamaza kabisa. Mama Léontine alikuwa benchi la tatu kutoka mbele, upande wa kushoto. Niliiona bluu ya libaya yake. Ningehitaji kutembea katikati, kandambili zikipiga sakafu, watu mia tatu wakigeuza shingo kumwona Papa Déo wa mashini, na singlendi, akimfuata mwanamke benchini. Nikaweka mguu ndani. Nikautoa. Nikauweka tena. Mama mmoja wa mlangoni akanitazama toka kichwani hadi miguuni, nikarudi nyuma ya nguzo.

"Papa Déo, bado?" ilisema simu. "Papa Déo?"

Kisha ikakatika.

*

Nilimngoja kwenye kivuli cha ukuta. Alipotoka na kuniona na simu yake mkononi, hakuuliza nini. Aliuliza, "Saa ngapi?"

"Saa ine."

Akakaa chini kwenye ngazi, na libaya yake nzuri, na watu wakimruka. Hakulia, hakunitukana. Angenitukana ningepona. Alisema tu, kama anayejisemea, "Mafuta inaungua," na nikakumbuka kwamba hilo bado ndilo neno la mwisho ambalo binti yake alipewa mlangoni, na sasa litakaa mwaka mwingine.

Nilimwambia nilikosea saa. Sikumwambia kuhusu mlango wa kanisa.

Jioni nilikaa na saa yangu ya mkononi mbele ya macho. Mshale kwenye kumi, binti alipiga. Sista alisema alas kwatro. Kumi, na ng'ambo yake ni nne. Nikasogeza mishale, nikajaribu nyingine: juma zile alizosema alas tres, binti alipiga saa tatu. Alas singko, saa tano. Ndipo nikaelewa, nikapiga meza kwa ngumi. Jua lao linatangulia letu kwa saa sita, na sisi tunasoma saa kwa kuangalia ng'ambo ya mshale. Ng'ambo ya mshale ndiyo Cebu. Saa yetu ya Kiswahili na saa yao ni namba moja. Alas kwatro ni saa nne. Mtoto wa darasa la kwanza angesema nne ni nne, na angekuwa sahihi. Mimi nilijifanya mwenye elimu ili nimpite Achille, nikaupita na ukweli wenyewe.

Papa Achille alirudi siku ya pili ya juma. Niliwasikia. Nilitegemea atanicheka, nilikuwa hata nimejiandaa kuchekwa. Akasema, "Masikini Papa Déo. Ni kosa yangu. Sikuwahi kueleza hesabu."

Kisha akamwambia: "Mama, binti hawezi kupiga. Lakini yule sista anaweza kusikiliza. Umutumie sauti yako. Labda atamuruhusu asikie mara moja."

"Nitasema nini? Maneno ya baraka nilipanga kwa Kiswahili, ya kule ulikuwa bado kunifundisha. Ninajua siku na saa tu."

"Sema siku na saa."

Nilikuwa nimeinama kwenye tundu la matete. Mama Léontine alishika simu kwa mikono miwili, akafunga macho, mkono mmoja ukaachia simu ukainuka hewani, kama unatafuta kichwa cha mtu. Akasema polepole, kwa Kisebuano, na kila neno nililijua: Lunes. Martes. Miyerkules. Huwebes. Biyernes. Sabado. Domingo. Buntag, udto, hapon, gabii. Halafu akaongeza kwa Kiswahili, "Kila siku, mwaka muzima. Enda, mwanangu. Mafuta imepoa."

Kesho yake sista akajibu maneno matatu. Nadungog na niya. Hayo sikuyajua. Papa Achille akayafasiri: "Ameshasikia." Mama Léontine akapiga makofi, akamshika Papa Achille mabega yote mawili, akamtikisa kama mti wa mapera. Ilikuwa furaha ya mwanamke niliyempenda, nami hata furaha ile niliionea wivu.

*

Baada ya miezi minane Papa Achille akaniletea kitambaa cha suti, cheusi, kizuri.

"Ya harusi, Fundi."

Nikachukua utepe. Nikampima mabega, kifua, kiuno. Namba zikanichanganya, nikaanza upya.

"Unaoa lini?" nikauliza.

"Juma ya pili ya Pasaka. Carine wa Moba. Nimemungoja tangu Cebu, Papa Déo. Kila mwezi nachukua boti. Mama Léontine njo alikuwa ananipa moyo. Hukusikia, na wewe unasikia yote?"

Akacheka. Hayo kweli sikuyasikia. Masikio yangu yalikuwa yanachagua.

Suti ile niliishona siku tisa. Miguu yote miwili ilikuwa sawa kabisa.

Mwaka wa kunyamaza ulipokwisha, habari ikaja kwamba Emmanuella ataweka nadhiri zake na kurudi, na atapangiwa jumuiya ya Moba. Mama Léontine akaamua kurudi kwao amtangulie. Siku ya safari nilimbebea saa ya reli hadi bandarini. Alibeba sufuria, kitanda kilikwisha kuuzwa.

Boti ilikuwa inapakia magunia. Nikampa saa. Nikampa na kifurushi: libaya mpya, na ndani ya pindo, mahali ambapo ni fundi tu angeangalia, nilikuwa nimeshona kwa uzi mweupe majina ya siku saba. Ndipo nikamwambia yote. Nilimwambia siku ile nilifika kanisani simu ikiwa bado hai. Kwamba nilisimama nyuma ya nguzo. Kwamba nilisema saa kumi kwa kumchukia Achille. Kwamba ile suruali nilikata kwa makusudi. Kwamba miaka yote ile nilikaa nyuma ya matete nikimsikiliza. Nilisema nikitazama viatu vyangu, na nadhani sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa pigo moja.

Mtu wa boti akamwita Mama Léontine, naye akapanda ubao, akakaa juu ya gunia na saa mapajani. Nilidhani imekwisha hapo. Sasa ni mwaka wa pili tangu siku ile. Papa Achille huniletea salamu za jumla, kwamba mama na binti wanaonana kila siku ya Mungu, kwamba mikate ya Mama Léontine inajulikana Moba nzima. Lakini sauti yake sijaisikia tena. Mara ya mwisho niliisikia siku ile ile bandarini: boti ilikuwa imeanza kuachana na gati, maji yameonekana katikati, aliposimama akaweka mkono mdomoni, akapaza sauti mbele ya wapakizi wote:

"Papa Déo! Kisebuano umekiweza, hodi njo ilikushinda?"